Maswali ya Wasomaji: Tunaponunua Uokoaji, Tunanunua Nini Hasa?

Barua nne tulizopokea kwa toleo hili zinahusu jambo moja, yaani namna mamlaka za umma zinavyonunua huduma za uokoaji na za magari ya wagonjwa. Tumezifupisha bila kubadilisha maana. Ya kwanza imechukua nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu imegusa mambo mengi.

SWALI: Mimi ni diwani na mjumbe wa kamati ya fedha. Halmashauri yetu inakusudia kumpa mkandarasi binafsi huduma ya magari ya wagonjwa na uokoaji kwa miaka mitano. Wamejitokeza wazabuni watatu. Tumeambiwa kwamba atakayepewa kazi ni mwenye bei ya chini kabisa, kwa kuwa hiyo ndiyo thamani ya fedha, na kwamba taarifa ya tathmini ni siri. Je, ni kweli? Na mtu asiye mtaalamu kama mimi aulize nini?

JIBU: Mheshimiwa Diwani, anayenunua saruji hulipia mifuko, naye anaweza kuihesabu inaposhushwa. Anayenunua uokoaji halipii watu waliookolewa. Analipia saa nyingi ambazo hakuna kinachotokea, huku gari likiwa limejazwa mafuta, mitungi ya oksijeni ikiwa imejaa, na watu wawili wenye ujuzi wakiwa wamekaa kusubiri simu. Bidhaa yenyewe ni utayari, nao una tabia moja mbaya kwa mnunuzi: ukipunguzwa, hakuna anayetambua mpaka siku simu itakapolia. Kwa hiyo mzabuni anayetaka kushusha bei hagusi kitu kinachoonekana, kama gari na rangi yake. Anagusa idadi ya watu, mafunzo na matengenezo.

Chukua kalamu tufanye hesabu ambayo haihitaji utaalamu wowote. Mwaka una saa 8,760. Mfanyakazi wa saa 40 kwa wiki, ukiondoa likizo, sikukuu, siku za ugonjwa na siku za mafunzo, hubakiwa na saa zipatazo 1,750 za kuwa kazini. Gawanya, utaona kwamba kiti kimoja kinachotakiwa kuwa na mtu usiku na mchana kinahitaji watu watano. Gari lenye watu wawili linahitaji kumi, na magari manne yanahitaji arobaini. Sasa fungua jedwali la wafanyakazi katika zabuni ile ya bei ya chini. Ukikuta watu ishirini na wanne, basi ama baadhi ya magari yatalala usiku, ama watu hao watafanyishwa kazi kwa saa nyingi kupita kiasi, ama jedwali lenyewe liliandikwa kujaza karatasi tu. Unafuu wa bei umetoka hapo, na swali lako la kwanza kwa wataalamu liwe hilo: watu wa zamu ya usiku wako wapi katika hesabu hii?

Sisemi kwamba bei ya chini ni dhambi. Ninachosema ni kwamba bei ni kigezo kimoja tu. Kifungu cha 227 cha Katiba ya Kenya, kwa mfano, kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa uwazi, wa ushindani na wa gharama yenye tija. Sifa tano, na hata hiyo ya tano haisemi “rahisi kuliko zote”. Katika huduma ya dharura, utaratibu unaostahili ni kuweka kwanza viwango ambavyo mzabuni asipovifikia anatoka, awe na bei gani, na kisha kulinganisha gharama za waliobaki kwa muda wote wa mkataba, pamoja na mafuta, vipuri, mafunzo ya kila mwaka na kubadilisha magari yatakapochakaa.

Huduma ya magari ya wagonjwa ya London ililipa ada kubwa kwa somo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilinunua mfumo wa kompyuta wa kupokea simu na kutuma magari, na miongozo yake ya ununuzi iliagiza kwamba zabuni ya chini kabisa ikubaliwe, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kuikataa. Ikachaguliwa iliyokuwa nafuu kwa tofauti kubwa, na kazi ya programu ikaangukia kampuni ndogo isiyo na uzoefu wa mfumo wa ukubwa ule. Mfumo uliwashwa kikamilifu Oktoba 26, 1992. Magari zaidi ya moja yakawa yanapelekwa kwenye tukio lilelile, wakati wagonjwa wengine wakisubiri bila kufikiwa. Novemba 4 ukasimama kabisa, na uchunguzi ukaonyesha kuwa kipande cha programu kilichosahaulika ndani kilikuwa kikila kumbukumbu ya kompyuta kidogo kidogo hadi ikaisha. Wakaguzi hawakumlaumu mwandishi wa programu peke yake. Waliuliza pia kwa nini tofauti ile ya bei haikumshtua yeyote mezani.

Swali la pili, Mheshimiwa, ni hili: mkandarasi akianguka katikati ya mkataba, nani atapokea simu usiku uleule? Nchini Denmark, kampuni iitwayo BIOS ilishinda zabuni ya magari ya wagonjwa katika sehemu kubwa ya mkoa wa kusini, mahali ambapo Falck, kampuni kongwe iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa imezoeleka. BIOS ilianza kazi Septemba 2015 na kufilisika Julai 2016, na mamlaka ya mkoa ikalazimika kuichukua huduma yenyewe. Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 2019 baraza la ushindani la nchi hiyo liliamua kwamba Falck ilikuwa imetumia vibaya nguvu yake sokoni, kwa mkakati uliojumuisha kusambaza habari mbaya kuhusu mshindani wake ili waokoaji wasite kuomba kazi kwake. Tazama shabaha ilipolengwa. Mnyang’anye mtoa huduma wafanyakazi, naye hana cha kuuza. Ndiyo sababu mkataba wa uokoaji unahitaji kifungu kinachosema magari, vifaa, kumbukumbu na wafanyakazi watahamia wapi iwapo mtoa huduma atashindwa, pamoja na dhamana ya utekelezaji, yaani fedha zinazowekwa rehani iwapo mkandarasi atashindwa kazi, inayolingana na gharama halisi ya kuziba pengo hilo.

La tatu ni kipimo. Wataalamu watakuletea “wastani wa muda wa kufika”, na wastani ni blanketi linaloficha miguu iliyo nje. Mkandarasi anaweza kuwafikia wakazi wa katikati ya mji kwa dakika nne, akawachelewesha wa pembezoni kwa dakika arobaini, na wastani wake ukapendeza. Ndiyo maana Uingereza, kwa wagonjwa walio katika hatari kubwa zaidi ya kufa, imeweka vipimo viwili kwa pamoja: wastani wa dakika 7, na wagonjwa tisa katika kila kumi wafikiwe ndani ya dakika 15. Helikopta za uokoaji baharini za huko nazo hazipimwi kwa idadi ya waliookolewa, bali kwa muda wa kuruka tangu wito unapotolewa, yaani dakika 15 mchana na dakika 45 usiku. Hapo utayari umepewa namba, na namba hiyo inaweza kutangazwa kila mwezi, eneo kwa eneo, mwananchi yeyote akaisoma.

Kuhusu siri, wataalamu wako wamesema nusu ya ukweli. Zabuni zinapokuwa bado zinatathminiwa, usiri ni halali na una kazi yake. Februari 2011 serikali ya Uingereza ilisimamisha mpango wa helikopta za uokoaji wa miaka 25, uliokadiriwa kugharimu paundi bilioni 6, baada ya mzabuni aliyependekezwa kukiri kwamba alikuwa amepata, bila idhini, taarifa za kibiashara za mchakato huo. Uvujaji wa namna hiyo unaua ushindani. Lakini siri hiyo ina muda wake, na muda huo huisha uamuzi unapofanyika. Baada ya hapo jina la mshindi, bei, vigezo, alama za kila mmoja na sababu za walioshindwa ni mambo ya kutolewa. Sheria ya mfano ya ununuzi wa umma iliyoandaliwa na tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria ya biashara ya kimataifa mwaka 2011 inaweka hata kipindi cha kusubiri kati ya kumtangaza mshindi na kutia saini, ili asiyeridhika apate nafasi ya kulalamika kabla ng’ombe hajatoka zizini. Siri halisi ya kibiashara, kama mchanganuo wa ndani wa gharama za kampuni, inaweza kufutwa kwa wino katika kurasa zinazohusika. Haiwezi kuwa sababu ya kufungia jalada zima kabatini. Kama mnaombwa kuidhinisha fedha za miaka mitano bila kuona alama za tathmini hata baada ya uamuzi, kamati yenu ina haki ya kuahirisha ajenda hiyo.

SWALI: Mimi ni afisa ununuzi. Jengo linapoporomoka au mafuriko yanapokuja, sheria inaturuhusu kumpa kazi mtu mmoja bila kushindanisha. Tusipofanya hivyo, watu wanakufa. Tukifanya, magazeti yanatuita wezi. Tufanye nini?

JIBU: Ndugu yangu, nakuonea huruma, kwa kuwa nimewahi kukaa kwenye kiti hicho. Hata hivyo, tutenganishe dharura ya aliyefukiwa na dharura ya ofisi iliyochelewa kujipanga. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 kuhusu ununuzi wa umma yanaitenganisha vizuri: kumpa mtu kazi moja kwa moja kwa sababu ya haraka kunaruhusiwa pale tu haraka hiyo inapokuwa kubwa mno, imetokana na tukio ambalo mamlaka haikuweza kulitazamia, na haikusababishwa na mamlaka yenyewe, na hata hapo, kwa kiasi kinachohitajika tu. Mafuriko yanayorudi kila msimu wa mvua hayapiti mtihani wa pili, na mkataba ulioachwa ukaisha mezani haupiti wa tatu.

Dawa iko katika miezi ya utulivu. Shindanisha mapema kampuni za kreni, makatapila, boti, wazamiaji na majenereta. Kubaliana nao bei ya saa moja ya kila kifaa pamoja na mwendeshaji wake, muda wa kufika, na mpangilio wa nani anaitwa kwanza na nani anafuata asipopatikana. Tia saini mikataba hiyo bila kununua chochote. Siku ya tukio unapiga simu tu. Bei ilikwisha kujadiliwa wakati ambapo hakuna aliyekuwa akilia chini ya kifusi, na mwenye kreni hana nafasi ya kukukaba koo. Wapigie simu ya majaribio mara moja au mbili kwa mwaka, hasa usiku. Kampuni itakayoshindwa kupokea simu ya majaribio itakuwa imekuonyesha jambo ambalo hakuna hati ya zabuni ingekuonyesha.

Pale ambapo huna budi kumpa mtu mmoja kazi, andika ukurasa mmoja siku hiyohiyo: tukio lilikuwa nini, nani aliombwa na kwa saa ngapi, nani aliamua, bei ililinganishwa na nini, na kazi itakoma lini. Mkataba wa dharura uishe na dharura. Nimeona mashine iliyokodiwa kwa wiki mbili ikiendelea kulipwa hadi mwezi wa saba tangu ikodiwe, na kila aliyeulizwa alijibu kwamba alidhani mwenzake ameifunga. Kisha tangaza kila kitu ndani ya muda mfupi uliowekwa. Lawama za magazeti mara nyingi hazitokani na kasi ya ununuzi bali na ukimya unaofuata.

Uingereza wakati wa janga la korona ni mfano wa kukumbuka. Kufikia mwisho wa Julai 2020, serikali ilikuwa imeingia mikataba inayohusu janga hilo yenye thamani ya paundi bilioni 18, na kati ya hizo bilioni 10.5 zilitolewa bila ushindani. Ofisi ya taifa ya ukaguzi haikusema kwamba haraka haikuhitajika. Iligundua kwamba kulikuwa na foleni maalumu ya wauzaji wa vifaa vya kujikinga waliopendekezwa na wabunge, mawaziri na maafisa, na kwamba mmoja kati ya kila kumi katika foleni hiyo alipata mkataba, wakati katika foleni ya kawaida hakufika hata mmoja kati ya mia. Januari 2022 Mahakama Kuu ikatamka kwamba uendeshaji wa foleni hiyo ulikiuka sheria. Kabla ya hapo, Februari 2021, mahakama hiyohiyo ilikuwa imeamua kwamba waziri wa afya alivunja sheria kwa kutotangaza mikataba ndani ya siku 30 zilizowekwa. Hukumu hiyo ya Februari 2021, kwa maoni yangu, inakuhusu wewe zaidi kuliko ile ya foleni, kwa kuwa kutangaza kwa wakati hakumcheleweshi hata mgonjwa mmoja.

SWALI: Sisi ni chama cha waokoaji wa kujitolea. Sasa tumeambiwa tushindane na makampuni kwenye zabuni, na hatuna mwanasheria wala mhasibu. Je, ni haki?

JIBU: Inategemea sheria mnayoishi chini yake, lakini swali lenu si geni. Jiji la Solingen nchini Ujerumani liliwaalika watoa huduma wasiofanya biashara peke yao katika huduma ya magari ya wagonjwa, na kampuni binafsi ikalalamika. Machi 21, 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kumhudumia na kumsafirisha mgonjwa wa dharura akiwa na mwokoaji au mhudumu wa dharura mwenye mafunzo kunaweza kuwa nje ya kanuni za kawaida za zabuni iwapo kazi inapewa chama kisicho na lengo la faida. Mahakama iliweka uzio, ikataka chama hicho kiwe kweli na malengo ya kijamii na kirudishe ziada yoyote katika kazi hiyo. Jina la hisani pekee halitoshi. Kumsafirisha mgonjwa ambaye hali yake haitarajiwi kubadilika njiani si dharura, nako kunabaki kwenye zabuni.

Msiitumie hoja hiyo kukwepa uwazi. Kusamehewa ushindani ni jambo moja, kusamehewa hesabu ni jambo jingine kabisa. Chama kinachopokea fedha za umma kinapaswa kutangaza kilichopokea, kilichotumia na muda wake wa kufika kwenye matukio, sawasawa na kampuni. Kwa upande wa halmashauri, kazi ikigawanywa katika mafungu madogo, kwa mfano uokoaji majini peke yake, chama kidogo kinaweza kuomba bila kujifanya kampuni kubwa.

SWALI: Nimeteuliwa katika kamati ya kupokea vifaa vya uokoaji. Sijui kuogelea wala kuzima moto. Nitajuaje kama tumepokea kilicholipiwa?

JIBU: Hapo ulipo ndipo thamani ya fedha inapookolewa au kuzama, ingawa kamati za kupokea hupewa soda na saa moja tu. Ghana iliingia mkataba wa kununua magari 200 ya wagonjwa, na 30 ya kwanza yalipofika yalionekana kuwa magari ya kawaida yasiyofaa kubeba wagonjwa wa dharura, ilhali zaidi ya yuro milioni 2.3 zilikwisha kutolewa. Kesi iliyofuata ilichukua miaka, na mwaka 2024 Mahakama ya Rufaa iliwaachia huru washtakiwa, kwa hiyo sitaki kuzungumzia kosa la mtu. Nazungumzia magari, ambayo malipo yake yalitangulia kabla ya mtu kufungua mlango wa nyuma na kuchungulia ndani.

Chukulia majaketi okozi. Niliwahi kuwa katika kamati iliyopokea sitini, yote mapya, rangi ya machungwa, katika mifuko ya nailoni. Mwenyekiti alikwisha kushika kalamu. Mzee mmoja mvuvi tuliyemwalika kwa heshima tu akaligeuza jaketi moja, akasoma lebo iliyoshonwa ndani ya kola, akauliza: “Hizi ni za boti ya uokoaji au za watoto wa bwawani?” Lebo ilisema nyutoni 50. Viwango vya kimataifa vinagawa majaketi kwa nguvu ya kuelea: nyutoni 50 ni za mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada, 150 ni za maji mapana, zenye uwezo wa kumgeuza aliyezimia ili uso uangalie juu. Hati yetu ya zabuni ilikuwa imeandika “majaketi okozi 60, rangi ya machungwa” na si neno zaidi. Muuzaji hakuvunja sharti lolote, kwa sababu hatukuwa tumeliweka.

Kwa hiyo, kabla ya siku ya kupokea, omba nakala ya vigezo kama vilivyo kwenye mkataba, si muhtasari uliochapwa na muuzaji. Mwalike mtu ambaye atakitumia kifaa chenyewe: mwokoaji, mzimamoto, dereva. Usihesabu maboksi, fungua moja kati ya kila machache, ukichagua wewe na si mleta mzigo. Soma lebo, tarehe ya kutengenezwa na namba ya kila kifaa, kisha uiandike. Mtungi wa hewa wa mzimamoto una muda wa matumizi na tarehe ya kupimwa kwa shinikizo, na zote huonyeshwa kwenye mtungi wenyewe. Mtungi uliokaa ghalani miaka kadhaa unauzwa kwa bei ya mpya huku umri wake ukiwa umekwisha kuliwa. Injini ya boti iwashwe majini, kwa kuwa kuiwasha nchi kavu hakuthibitishi mengi. Na usikubali kauli ya “tutarekebisha baadaye” bila tarehe. Vifaa vikipungua, au vikiwa si vile vilivyoandikwa, andika kwenye hati ya mapokezi “havikupokewa”, taja sababu na namba za vifaa husika, ndipo utie saini, na nakala moja ubaki nayo wewe.